Udongo ulio chini ya mivinje: barua ya wazi kwa Idara ya Misitu Zanzibar

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Idara ya Misitu,
Wizara ya Kilimo, Umwagiliaji, Maliasili na Mifugo,
Zanzibar.



Mheshimiwa, nina ombi moja. Kabla ya masika yajayo, na kabla mche wowote haujatiwa ardhini, naomba udongo wa kila shamba la miti la Serikali hapa Unguja upimwe kaboni na naitrojeni. Upimwe tena kila miti inapokatwa. Majibu yake yabandikwe kwenye ubao wa sheha, kwa Kiswahili, watu wa pale wayasome. Kila mwaka tunaelezwa habari za miche iliyopandwa, na ni jambo jema kuelezwa. Lakini mti wa kukua haraka hukaa shambani miaka michache ukaondoka, na udongo hubaki kupokea mwengine, na mwengine tena. Sijawahi kusikia tukielezwa udongo huo umebakiwa na nini.

Nakuandikia nikiwa mkaazi wa Mji Mkongwe, na sioni kwamba hilo linaniondolea haki ya kuyasemea mashamba. Mji huu unakula miti. Tembea asubuhi kutoka Malindi hadi Mkunazini, utakuta nyumba mbili tatu zimezungushiwa majukwaa ya nguzo za mivinje zilizofungwa kwa kamba, na mafundi juu yake wanapiga chokaa. Chokaa ile ni jiwe lililochomwa kwa kuni nyingi. Mkate wa boflo wa alfajiri nao umetoka kwenye tanuri la kuni. Tangu mwaka 2000 Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kwa hiyo tunatakiwa tuutengeneze kwa chokaa na miti, tusiubandike saruji, na mimi nakubaliana na sharti hilo kwa moyo wote. Ila kila gari la ng'ombe linaloshusha kuni Ng'ambo, na kila lori linaloleta nguzo, limebeba ndani yake sehemu ya rutuba ya Chaani, ya Dunga au ya Unguja Ukuu. Rutuba hiyo haina gari la kuirudisha.

Najua mashamba haya yalianzishwa kwa nia gani. Katika miaka ya 1980 na 1990 mradi wa maendeleo ya misitu uliosaidiwa na Finland ulipanda miti ya kukua haraka ili watu wapate kuni na majengo bila ya kuimaliza mikoko na vichaka vya asili. Mvinje tulikuwa nao ufukweni tangu zamani. Mkeshia na mkaratusi ililetwa, asili yao ikiwa Australia na visiwa jirani. Nia ile bado ni sahihi. Pasingekuwa na mivinje ya kupanda, boriti na kuni zote zingetoka kwenye mikoko ya Ghuba ya Chwaka na vichaka vya Kiwengwa, na leo tungekuwa tunazungumza msiba mwengine kabisa. Barua yangu haiombi miti ipunguzwe. Inaomba tujue kila shamba limeufanya nini udongo wake, kwa sababu jibu halifanani kutoka pahala hadi pahala.

Unguja, kwa mtu wa jembe, ni nchi mbili. Magharibi udongo una kina: kinongo chekundu, mchanga, na kinamo mabondeni, ndiko ilikosimama mikarafuu na minazi kwa zaidi ya karne. Mashariki na kusini ni uwanda na maweni. Pale jiwe la matumbawe liko juu, na udongo umejikusanya kwenye vishimo, pengine upana wa sinia, pengine upana wa kitanda, na mkulima wa Makunduchi hupanda humo humo. Wataalamu waliochunguza udongo wa visiwa hivi katikati ya miaka ya 1950 waliyachukua majina haya ya wakulima kama yalivyo, wakayaandika katika ripoti zao, kwa kuwa yalikuwa yameshamaliza kazi ya kuupambanua. Mti ule ule ukiupanda kwenye kinongo, kwenye mchanga na kwenye maweni, utakuachia hesabu tatu mbalimbali. Kwa hivyo mpango mmoja wa upandaji kwa kisiwa kizima hauwezi kuwa sawa kila pahala, hata ukiandikwa na mtu hodari vipi.

Niruhusu nieleze kinachonitia wasiwasi. Udongo wa dunia, hadi kina cha mita moja, una kaboni nyingi kuliko iliyomo hewani na ndani ya mimea yote zikijumlishwa pamoja. Kaboni hiyo ni majani, mizizi na viumbe vilivyooza vikawa mboji. Naitrojeni ya udongo nayo karibu yote imo ndani ya mboji hiyo hiyo, na kwa ardhi nyingi zinazolimwa kaboni huwa na uzito wa mara 10 hadi 15 ya naitrojeni. Ukiipoteza mboji unazipoteza zote mbili kwa mpigo: kaboni inapanda angani ikiwa hewa ukaa, na naitrojeni inageuka naitreti, chumvi inayoyeyuka na kusombwa na mvua.

Mwaka 2002 watafiti wawili waliokuwa Australia, Guo na Gifford, walikusanya vipimo kutoka machapisho 74 ya sehemu mbalimbali za dunia. Walipoyaweka pamoja waliona kwamba msitu wa asili ukiondolewa na kupandwa shamba la miti, kaboni ya udongo hushuka kwa wastani wa asilimia 13. Malisho yakipandwa miti hushuka asilimia 10. Lakini konde la mazao likipandwa miti, kaboni hupanda asilimia 18. Tarakimu hizo zisomwe kwa macho ya Unguja. Mikeshia ikipandwa kwenye konde lililochoka kwa mihogo na ufuta, udongo una nafasi ya kupona. Ikipandwa pale ambapo kichaka cha miaka mingi kimefyekwa na kuchomwa moto ili kupata nafasi, tumeanza na hasara ambayo mti utahangaika kuilipa. Mashamba yote mawili yatakuwa na miti mirefu, ya kijani, inayopendeza kwenye picha, na ripoti ya idadi ya miche itayahesabu sawasawa.

Kuna pia suala la muda. Tafiti nyingi zinaonesha kwamba katika miaka mitano hivi ya mwanzo kaboni ya udongo wa juu hushuka, maana ardhi imetikiswa kwa jembe au trekta, jua linaipiga, na miti bado haijaangusha majani ya kutosha. Baada ya hapo ndipo huanza kurudi. Sasa mti unaokatwa ungali mdogo kwa ajili ya nguzo unavunwa pale pale udongo ulipokuwa unataka kuanza kujirudishia. Ardhi ikafunguliwa tena. Shamba lililokatwa mara tatu, nne kwa mtindo huo laweza kuwa limepita kwenye kushuka tu, bila ya kukifikia kipindi cha kupanda.

Hasara ya aina hii haionekani kwa macho. Chukua hekta moja ambayo sentimita 30 za juu zina kaboni asilimia 1, na kila sentimita ya ujazo ya udongo ina uzito wa gramu 1.4. Humo mna tani 42 za kaboni. Ikishuka ikawa asilimia 0.9, mkulima hatoona tofauti ya rangi, wala mkono wake hautaihisi. Lakini zimeondoka tani 4.2 za kaboni, ambazo ni zaidi ya tani 15 za hewa ukaa. Na uwiano ukiwa 12 kwa 1, zimeondoka pia kilo 350 za naitrojeni. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Maana yake ni mifuko kama 15 kwa hekta, au sita kwa eka, imetoka shambani kimya kimya, na hakuna aliyeandika popote kwamba imetoka. Anayekuja kupewa eka hiyo alime baada ya miti kukatwa ndiye atakayeulizwa kwa nini mahindi yake ni ya manjano.

Miti yetu mitatu haifanani katika jambo hili, na hapo ndipo palipo na matumaini. Mkaratusi huchota tu kilichomo. Mvinje una vinundu mizizini ambamo anaishi bakteria aitwaye Frankia, na mkeshia una vinundu vya bakteria wa jamii ya rizobia, ndugu wa wale wa kunde na choroko. Bakteria hao huichukua naitrojeni ya hewani na kuupa mti. Mwaka 1963 mtafiti Dommergues alikadiria kwamba mivinje iliyopandwa kwenye mchanga wa rasi ya Cap-Vert, Senegal, iliingiza ardhini kilo 58 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka.  Katika visiwa vya Hawaii na Puerto Rico, watafiti walilinganisha miti ya aina hiyo, mvinje ukiwemo, na mikaratusi iliyopandwa pamoja nayo pahala pamoja. Chini ya miti yenye vinundu kaboni ya udongo ilikuwa imeongezeka. Chini ya mikaratusi, kwa wastani, haikubadilika. Na Kongo-Brazzaville, kwenye nyanda za mchanga karibu na Pointe-Noire, mkeshia na mkaratusi ilipandwa nusu kwa nusu. Baada ya mzunguko wa kwanza wa miaka saba, udongo wa juu wa shamba la mchanganyiko ulikuwa na kaboni zaidi kuliko wa mkaratusi peke yake, na zaidi hata kuliko wa mkeshia peke yake.

Ningefurahi sana kuona shamba la majaribio la mchanganyiko kama huo hapa Unguja. Kitaluni nako kuna jambo dogo lenye faida kubwa: Frankia hapatikani kila pahala, hasa kwenye ardhi iliyokwanguliwa. Makoleo machache ya udongo uliochukuliwa chini ya mivinje mikongwe ya ufukweni, yakichanganywa na udongo wa viriba, yatampa mche bakteria wake kabla haujahamishwa.

Lakini naitrojeni kuingia ni jambo moja, na kubaki ardhini ni jambo jengine. Fukua chini ya shamba la mivinje iliyoshiba. Kwanza utakutana na tandiko la vijiti vyembamba vya kahawia, yale majani yake yanayofanana na nyuzi, yamelala moja juu ya jengine na makavu hata siku mbili baada ya mvua. Ukiyafunua, chini yake pana utepe wa udongo mweusi unaonuka mvua, mwembamba, haufiki upana wa vidole viwili. Kisha ghafla mchanga, mweupe au wa manjano, kama vile hapajapata kuwa na mti. Huo utepe mweusi ndiyo mali yote ya shamba, na umekaa juu juu, pale jembe, moto na mafuriko vinapofika kwanza. Yale majani juu yake yana tanini nyingi, hayaozi upesi, na yasipooza naitrojeni iliyomo haimfikii mtu.

Jirani zetu wa Mombasa walipambana na shida hii hii. Bamburi, machimbo ya kiwanda cha saruji yaliacha jiwe tupu la matumbawe, halina hata punje ya udongo. Kuanzia mwaka 1971 René Haller alijaribu pale aina 26 za miti, na katika chache zilizostahimili, mvinje ndio uliochukua nafasi ya kwanza. Miti ikasimama, majani yakaanguka, yakarundikana, yakakataa kuoza. Aliyeikwamua kazi ile ni jongoo, yule mweusi mnene mwenye miguu myekundu. Waliletwa kwenye machimbo, wakayala yale majani ya mivinje, na kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria, kikageuka mboji. Juu ya mboji hiyo ikapandwa miti mengine ya asili, na leo pahala pale ni bustani ya Haller Park, ina msitu, mabwawa na wanyama. Udongo umetengenezwa juu ya jiwe ndani ya umri wa mtu mmoja. Jongoo yule yule tunaye hapa Unguja. Mvua ya kwanza ikinyesha tu anatambaa kwenye njia za skuli. Dawa za kuua wadudu na moto wa kusafishia shamba humwondoa, na kumwacha hakugharimu kitu.

Kwa sababu ya Bamburi naomba miti ya kukua haraka ipelekwe kwanza kwenye mashimo ya mchanga. Mheshimiwa, umeyaona ya Pangatupu na ya Donge Chechele. Mchanga uliotoka huko ndio matofali ya nyumba zetu, na kilichobaki ni ardhi iliyovuliwa udongo wake wote wa juu. Hapo hakuna kaboni ya kupoteza. Kila jani linaloanguka ni faida, kila kilo ya naitrojeni inayovutwa na kinundu ni faida, na haitachukua miaka mingi vipimo kuonesha hivyo. Pale ambapo uchimbaji bado unaendelea, naomba liwekwe sharti kwamba udongo mweusi wa juu ukwanguliwe na kuwekwa pembeni kabla tingatinga halijaingia, kisha urudishwe kazi ikimalizika. Sentimita 20 zilizohifadhiwa zitaokoa kazi ya mivinje ya miaka mingi. Kinyume chake, vichaka vya maweni vilivyokomaa vilivyobaki visiguswe kwa ajili ya miti ya haraka. Vina kaboni yake tayari, imejificha kwenye vile vishimo vya udongo, na ikitoka hairudi katika umri wetu.

Kwenye uvunaji nataka niseme kwa uangalifu, maana hapa kuna watu wenye shida ya kweli. Gogo la mti lina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Naitrojeni ya mti iko zaidi kwenye majani, vijitawi na gome. Tukiondoa gogo tu na kuacha mengine shambani, udongo unabakishiwa sehemu kubwa ya haki yake. Tukiondoa mti mzima hadi vijiti, au tukayakusanya mabaki tukayatia moto, naitrojeni ile inaondoka shambani, na kwa moto sehemu kubwa huondoka na moshi ndani ya saa moja. Sasa, mabaki hayo ndiyo kuni za mama wa kijijini ambaye hana pesa ya gesi. Kumfukuza shambani ili kuokoa udongo ni dhulma, na haitafanya kazi. Nionavyo mimi, Idara iandike katika kila kibali cha kukata kwamba gome libanduliwe na kuachwa shambani, majani na vijitawi vyembamba kuliko kidole gumba vitandazwe palepale, na matawi manene yagaiwe bure kwa wanawake wa shehia kabla gari la mfanyabiashara halijaingia. Moto upigwe marufuku kabisa katika kutayarisha shamba la Serikali. Sheria ya misitu ya mwaka 1996, namba 10, inawapa mamlaka ya kutosha kuweka masharti ya namna hiyo.

Nisingependa ombi langu lifahamike kwamba mikeshia ipandwe kila pahala kwa kuwa inaleta naitrojeni. Naitrojeni ikizidi nayo ina madhara. Chini ya miti yenye vinundu, ile ambayo mimea haikuitumia hugeuka naitreti na kuteremka na maji, na katika kuteremka kwake huacha udongo na uchachu. Kwenye maweni jiwe la chokaa huuzima uchachu huo. Kwenye mchanga wa magharibi hakuna cha kuuzima. Miti hiyo pia hula fosforasi nyingi, na vipimo vya Kongo vilionesha fosforasi inayopatikana kwa mimea ikipungua chini ya mikeshia. Kubwa zaidi ni maji. Sisi wa Unguja tunakunywa maji ya ardhini, kutoka visima na chemchem, na chini ya sehemu kubwa ya kisiwa ni jiwe lenye matundu ambalo huchuja kidogo sana. Shamba kubwa la mikeshia likikatwa lote kwa siku chache, mizizi iliyokuwa inafyonza naitreti imekufa na mboji inaoza kwa kasi. Mvua ya masika ikiikuta ardhi hivyo, naitreti itaelekea chini, na chini ndiko kwenye visima vyetu. Kukata kwa vipande vipande, na kuviacha vipande vya jirani vimesimama, kunapunguza hatari hiyo. Naomba Mamlaka ya Maji ishirikishwe, visima vilivyo karibu na mashamba ya miti vipimwe naitreti kabla ya kukata na baada yake.

Kupima kwenyewe si kazi ya ajabu. Vipo vipimo vilivyozoeleka miaka mingi: naitrojeni hupimwa kwa njia ya Kjeldahl, iliyobuniwa mwaka 1883, na kaboni kwa njia ya Walkley na Black ya mwaka 1934. Maabara nyingi za kilimo za Afrika Mashariki zinazijua. Kinachotakiwa ni nidhamu. Sampuli zichukuliwe hadi sentimita 30, kwa matabaka ya sentimita 10. Uzito wa udongo kwa ujazo wake upimwe kwa silinda, maana bila ya huo asilimia haigeuki tani. Mawe yapunguzwe kwenye hesabu. Na kila shamba la miti liwe na jirani yake wa kulinganishwa naye, konde au kichaka cha udongo wa aina ile ile, la sivyo hatutajua mabadiliko yameletwa na mti au yalikuwepo.

Kuna mtego mmoja ambao kwetu ni mkubwa kuliko kwa watu wa bara. Jiwe letu la matumbawe lenyewe ni kaboni, ya madini. Mashine za kisasa zinazopima kwa kuchoma sampuli katika joto kali haziitofautishi kaboni ya jiwe na kaboni ya mboji. Udongo wa maweni uliojaa chembe za chokaa, ukitiwa kwenye mashine hiyo bila ya kwanza kuoshwa kwa asidi, utatoa tarakimu kubwa ya kufurahisha ambayo haina uhusiano wowote na mti. Nalisema hili kwa kuwa biashara ya kaboni inabisha hodi. Kuanzia mwaka 2010 tulikuwa na mradi wa HIMA, uliosimamiwa na shirika la CARE pamoja na Idara yako kwa fedha za Norway, na shehia nyingi zikaingia katika mikataba ya kuhifadhi misitu zikiwa na matumaini ya kulipwa kwa kaboni. Tanzania ilitoa mwongozo wa biashara ya kaboni mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mnunuzi wa kaboni atakuja na mkataba wa miaka mingi. Shehia ikitia saini kwa tarakimu za miti peke yake, huku udongo wake unapungukiwa chini kwa chini, au kwa tarakimu ya udongo ambayo kumbe ni jiwe, atakayebeba aibu na deni ni mwanakijiji. Anastahili kuwa na vipimo vyake mkononi kabla ya mnunuzi hajafika.

Watu wa kuifanya kazi hii wapo. Kizimbani kuna taasisi ya utafiti wa kilimo, na wanafunzi wa kilimo wa chuo kikuu cha SUZA wako hapo hapo, kila mwaka wakitafuta mada za kuandikia tasnifu. Wapeni mashamba ya Serikali kuwa darasa lao. Wanakamati wa misitu wa shehia wafundishwe kuchukua sampuli; anayejua kuchimba shimo la muhogo hashindwi kuchimba la sentimita 30, na atauliza maswali ambayo mtaalamu kutoka mjini hayamjii. Tarakimu za mwaka wa kwanza zitakuwa chache na pengine za kuvunja moyo. Zitolewe hivyo hivyo. Shamba litakalokutwa limeshuka lipumzishwe, au mzunguko wake uongezwe hadi miaka kumi na zaidi, na wanaolitegemea waelezwe sababu.

Kama haiwezekani kuanza kila pahala, naomba tuanze na maeneo matatu: shimo moja la mchanga Pangatupu lililopandwa au litakalopandwa miti, shamba moja kongwe la mivinje ambalo limeshakatwa zaidi ya mara moja, na kipande kimoja cha maweni chenye mikeshia, kila moja na jirani yake wa kulinganishwa. Kiangazi cha Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu, ndio wakati mzuri wa kuchimba. Tukikosa kiangazi hicho, miche ya masika itaingia ardhini bila ya sisi kuwa na tarakimu ya kuanzia, na tarakimu ya kuanzia haiwezi kupimwa baadaye.

Nasubiri jibu la Idara, na ningependa litolewe hadharani kama ilivyotolewa barua hii, ili wenye mashamba na walaji wa mjini tulisome pamoja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkaazi wa Malindi, Mji Mkongwe, Unguja